Hospitali ina seva mbili na bei ya VMware haishikiki: nihamie Proxmox, XCP-ng au nini?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye hospitali moja ya misheni huku nyanda za juu kusini, tuko wawili tu, mimi na msaidizi. Tuna seva 2 aina ya Dell PowerEdge R730, kila moja ina prosesa mbili na RAM 128GB, na VM 11 (kompyuta pepe zinazoishi ndani ya seva) zinazotumia RAM kama 90GB kwa ujumla. Kuna mfumo wa hospitali kwenye Linux na PostgreSQL, uhasibu kwenye Windows na SQL Server, domeni kontrola (inayosimamia akaunti za watumiaji), maabara, na kubwa kuliko zote ni seva ya picha za eksirei, diski yake imefika 3.5TB. Yote hayo yako kwenye vSphere 7, mfumo wa VMware wa kuendesha VM, leseni ile ya zamani ya kununua mara moja. Tumeomba bei ya kuendelea, profoma imekuja, uongozi umeikataa palepale. Wengine wananiambia Proxmox, wengine XCP-ng, wengine niweke KVM mwenyewe, na mjumbe mmoja wa bodi kasikia OpenStack anaitaka hiyo. Je vitu vya bure vinaaminika kwa hospitali? Nichague ipi?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni na kazi. Jibu fupi nikupe hapa hapa juu ili hata ukiitwa wodini uwe umeshaondoka nalo: weka Proxmox VE, programu huria ya kuendesha na kusimamia VM, kwenye seva zote mbili, tafuta mashine ya tatu uweke Proxmox Backup Server ya bekapu, na uongeze kikompyuta kidogo cha kupiga kura, hiyo kura nitaieleza huko chini. Mengine yote ninayoandika ni sababu, na pia sehemu ambazo watu wanaumia, maana nimehamisha taasisi kadhaa za ukubwa kama wenu na kinachowaliza watu huwa sio jina la programu waliyochagua, ni diski walizoweka na bekapu ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha.

Tuanze na kuaminika, maana bodi ndo watakung'ang'ania hapo. Proxmox kwa kweli ni usukani, injini inayoendesha VM ni KVM, na KVM iko ndani ya keneli, yaani kiini, cha Linux tangu toleo 2.6.20 la Februari 2007. Ilianzia kwenye kampuni ya Qumranet ya Israeli, Red Hat wakainunua hiyo kampuni 2008. Leo Google Cloud wanaendesha VM za wateja wao juu ya KVM, na Amazon ambao walianza 2006 na Xen, kuanzia 2017 wakaanza kuhamia mfumo wao wa Nitro ambao nao umejengwa juu ya KVM. Kwa hiyo swali la kama injini ina nguvu ya kubeba VM 11 za hospitali, hilo lilishajibiwa zamani na watu wenye mizigo mizito kuliko yenu mara nyingi sana.

Ila kuna jambo ambalo kwa hali yenu naliona kubwa kuliko nguvu, nalo ni nani anaweza kuwabadilishia masharti mkiwa katikati ya safari. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, Desemba hiyohiyo wakaacha kuuza leseni za kununua mara moja, kila kitu kikawa cha kulipia kwa kipindi na kwa hesabu ya kore (viini vya prosesa), na kila prosesa inahesabiwa si chini ya kore 16 hata kama kwenye chuma ziko 8. Februari 2024 wakaiondoa ESXi ya bure, ile programu ya VMware inayokaa kwenye seva na kuendesha VM, Aprili 2025 wakairudisha. Mali ni yao, wana haki nayo, lakini ESXi ya bure haikuwa programu huria hata siku moja, ilikuwa zawadi, na mtoa zawadi akighairi huna pa kwenda. Sasa angalia kilichotokea upande wa XenServer, programu nyingine ya kuendesha VM: Desemba 2017 toleo 7.3 lilitoka upande wa bure ukiwa umepunguzwa mambo mengi ya muhimu, watu wakalalamika sana, ila kwa vile msimbo wake ulikuwa wazi, Wafaransa wa Vates pale Grenoble waliuchukua wakatoa XCP-ng mwaka 2018 na yale yaliyofungwa yakafunguliwa. Mwaka 2023 Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, wakaitoa LXD, programu yao ya konteina na VM, kwenye mradi wa jamii wakaisimamia wenyewe, haikupita hata miezi miwili Incus ikawa imezaliwa kutoka kwenye msimbo uleule. Hii ndo hoja ya kuipeleka kwenye bodi, usiwaambie tu kwamba ni bure, waambie kwamba hata watengenezaji wakibadilika kesho, mlichonacho leo hakuna wa kuwanyang'anya.

Na kama kuna mtu atasema tubaki tu na vSphere 7 si inafanya kazi, mwambie sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 2 Oktoba 2025. Februari 2023 wahalifu wa ESXiArgs walisimba mafaili ya maelfu ya seva za ESXi duniani wakidai hela, na inavyoaminika waliingilia kwenye tundu ambalo kiraka chake kilitoka tangu 2021, yaani walioumia ni waliokaa na toleo la zamani. Hospitali yenye taarifa za wagonjwa haipaswi kukaa kwenye kundi hilo, hata mwaka mmoja ni mrefu.

Sasa twende kwenye majina uliyotajiwa.

OpenStack niimalize haraka. Mjumbe wenu hajasikia vibaya, ni mfumo mkubwa kweli, ulianzishwa 2010 na NASA pamoja na Rackspace, na CERN kule Geneva wanautumia kwenye maelfu ya seva. Lakini ni rundo la huduma zinazotegemeana, Keystone ya utambulisho, Nova ya VM, Neutron ya mtandao, Cinder ya diski, Glance ya nakala za mifumo, kila moja ina hifadhidata yake na mipangilio yake na apdeti zake, na ukitaka hizo huduma zenyewe ziwe imara zinakula seva tatu kabla hujaweka VM hata moja ya hospitali. Inahitaji timu ya watu wanaofanya hiyo kazi tu. Ninyi mko wawili na bado mnatengeneza printa.

oVirt nayo utaisikia, ilikuwa nzuri, ila Red Hat walishaamua kuachana na bidhaa yao ya RHV iliyokuwa inaibeba, imebaki mikononi mwa jamii. Kama unayo tayari sio dharura, ila kuanza nayo upya leo siwezi kukushauri.

KVM ya kuweka mwenyewe, yaani Debian au Ubuntu halafu libvirt ya kusimamia VM, na virt-manager au Cockpit kwa kuangalia kwenye brauza, mimi naipenda sana, na ungekuwa na seva moja na VM tatu ningekuambia weka hiyo umalize. Shida inaanza pale unapotaka bekapu za ratiba, kunakili diski kwenda seva ya pili, ruhusa za watumiaji, kuhamisha VM bila kuizima, vyote vinawezekana ila utaviunganisha kwa skripti zako mwenyewe. Halafu siku umeenda masomoni au umepata kazi kwingine, msaidizi anabaki na skripti ambazo mwenye kuzielewa ameondoka. Kwa hospitali naangalia hilo kabla ya kitu kingine chochote, nani ataelewa hii kitu nisipokuwepo.

XCP-ng ndo mpinzani wa kweli na sitaki uipuuze. Chini yake ni Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, ina historia ndefu kuliko KVM. Mtu aliyezoea vCenter, ile skrini ya VMware ya kusimamia seva zote, akiingia Xen Orchestra, ambayo ndo skrini ya XCP-ng, anajisikia nyumbani, bekapu zake ni nzuri kweli, ina chombo chake cha kuvuta VM kutoka VMware, na seva mbili ukiziweka kwenye kundi moja hazikusumbui na habari za kura kama utakavyoona kwa Proxmox. Wapo watu ningewaambia waende huko bila kusita, hasa wenye storeji ya pamoja (diski moja kubwa inayotumiwa na seva zote) tayari na seva kuanzia tatu. Kwako wewe imenikwamia sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo seva ya picha, XCP-ng kwa miaka mingi diski moja ya VM haikuweza kuvuka 2TB kwa sababu ya fomati yake ya diski, VHD, wameshaanza kuleta fomati nyingine ya qcow2 ili kikomo hicho kiondoke, ila wewe una 3.5TB na inakua kila siku, sioni kwa nini uanzie kwenye kitu ambacho ndo kwanza kinabadilishwa. Ingawa ungeweza kuikata hiyo diski vipande viwili ukaviunganisha ndani ya VM, ila hapo unajitengenezea kazi ya ziada siku ya kurudisha bekapu. Ya pili ni watu, Xen Orchestra iliyo tayari kabisa yenye kila kitu ni ya kulipia, ya bure unaijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, inafanya kazi vizuri tu, lakini ukikwama huku kwetu ukauliza kwenye grupu la mafundi, wa Proxmox unampata siku hiyohiyo, wa XCP-ng utasubiri.

Proxmox VE inatengenezwa Vienna, Austria, ilitoka mara ya kwanza 2008, leseni yake ni ya programu huria, AGPL toleo la 3, na imekaa juu ya Debian, toleo la 9 lililotoka Agosti 2025 liko juu ya Debian 13. Maana yake mnachokijua kuhusu Linux kinatumika moja kwa moja, logi ziko palepale mnapozijua, amri ni zilezile. Ina VM za KVM na konteina za LXC, yaani mifumo midogo inayotumia keneli ya seva yenyewe, kwenye skrini moja. Konteina ni nyepesi, weka humo vitu vidogo kama DNS au kifaa cha kufuatilia mtandao, lakini mfumo wa hospitali na hifadhidata ziache kwenye VM kamili, usijaribu kuokoa RAM kidogo kwa kuzihamishia kwenye konteina, keneli inakuwa ni ya seva nzima na ukiigusa umegusa wote.

Kuhusu malipo, programu yote unaipata bila kulipa, hakuna kipande kilichofungwa. Unacholipia ni hazina ya apdeti zilizopimwa zaidi na sapoti. Usipolipa unatumia ile hazina ya wasio na usajili, kuna ujumbe utakukumbusha kila ukiingia, basi. Daraja la chini kabisa mwaka 2025 lilikuwa euro 115 kwa soketi (nafasi ya prosesa) kwa mwaka, nyinyi mna soketi 4, fanya kama euro 460. Daraja hilo halina mtu wa kumpigia simu, ila apdeti zake ni tulivu, na kwa hospitali ningeiombea bodi hiyo hela, ni ndogo ukiilinganisha na profoma waliyoikataa. Kama haipatikani msisite, anzeni bila, ila mkiona toleo kubwa jipya limetoka msikimbilie wiki ya kwanza.

Sasa diski, hapa naomba usome taratibu.

R730 nyingi zinakuja na kadi ya RAID ya H730, yaani kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kwenye VMware mmezoea kadi ndo inashika RAID na ESXi inaona diski moja kubwa. Kwenye Proxmox nataka utumie ZFS, mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski, na ZFS inataka kuziona diski zenyewe moja moja, kwa sababu ndo inayoandika alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data na kugundua diski ikianza kudanganya, ukiifichia nyuma ya kadi ya RAID umeinyima macho. Habari njema ni kwamba H730 inaweza kugeuzwa kuwa HBA, yaani kadi inayozipitisha diski kama zilivyo bila RAID, kwenye mipangilio yake, unaiwasha upya na diski zinaonekana kila moja na jina lake. Kama kumbe una kadi ya kizazi cha nyuma ambayo haina hiyo njia, tafuta HBA ya mtumba, usije ukadanganya kwa kutengeneza RAID 0 ya diski moja moja, inafanya kazi mpaka siku ya kubadilisha diski iliyokufa ndo utaiona rangi yake.

Kwa nini nakazania ZFS? Kwa sababu hamna storeji ya pamoja na sitaki mnunue. Ceph watu wataitaja, storeji inayosambazwa kwenye diski za seva nyingi, ni nzuri sana, ila inaanzia seva tatu na mtandao wa 10Gb, kwenye seva mbili isahau. ZFS ndo inayoiwezesha Proxmox kunakili diski ya VM kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili kwa ratiba, kawaida kila dakika 15 na unaweza kushusha mpaka dakika 1, inatuma kilichobadilika tu. Seva ya kwanza ikifa unaiwasha VM kwenye ya pili na umepoteza zile dakika tangu nakala ya mwisho. Waambie uongozi hivyo kabla, kwa maandishi, kwamba risiti za dakika chache zinaweza kupotea seva ikiungua. Kwa mfumo wa hospitali na uhasibu weka dakika 5, picha za eksirei hata kila baada ya saa moja inatosha maana mashine ya eksirei yenyewe mara nyingi bado ina nakala ya picha za siku hiyo.

Gawanya diski makundi mawili kwenye kila seva. SSD mbili kwenye mirror (diski moja ni nakala ya nyingine) kwa ajili ya hifadhidata na mifumo, na diski za kuzunguka mbili kubwa kwenye mirror kwa ajili ya picha. Majina ya makundi hayo ya ZFS lazima yafanane kwenye seva zote mbili la sivyo kunakili hakutakubali. Na SSD, tafadhali, usinunue zile za kompyuta za nyumbani kwa sababu ni rahisi. Hifadhidata kila ikiandika inasubiri diski ithibitishe kwamba kweli imeandika, SSD za seva zina kapasita za kushikilia umeme kidogo zimalizie kuandika hata umeme ukikatika ghafla kwa hiyo zinajibu haraka kwa uhakika, hizi za nyumbani hazina, zinakuwa za polepole sana chini ya ZFS na zinachakaa upesi. Bora SSD ya seva ya mtumba iliyobakiza uhai wa asilimia 80 kuliko mpya ya duka la simu.

RAM hesabu yake iko hivi. Seva ikifa, ile iliyobaki lazima ibebe VM zote, kwa hiyo unachohesabu ni 128 sio 256. ZFS nayo inakula RAM kwa ajili ya kumbukumbu yake, iwekee kikomo cha 16GB, Proxmox yenyewe iachie 4GB, unabaki na 108, na nyinyi mnatumia 90. Mna nafasi ndogo tu, kwa hiyo VM mpya zikianza kuongezeka kwa sababu sasa hakuna leseni ya kuhesabu, na zitaongezeka, hiyo namba uiangalie.

Kwenye mtandao, kama unaweza tafuta kadi mbili za 10Gb za mtumba na kebo moja, uunganishe seva kwa seva moja kwa moja bila swichi. Kunakili hizo 3.5TB mara ya kwanza kwenye 1Gb kutakula karibu masaa 9 na kutabana kila mtu, kwenye 10Gb diski ndo zitaamua.

Ile kura sasa. Proxmox ukiunganisha seva kwenye klasta, yaani kundi moja, kila moja ina kura, na ili klasta ifanye maamuzi lazima akidi itimie, zaidi ya nusu. Mkiwa na seva mbili, moja ikizimika iliyobaki ina kura 1 kati ya 2, sio zaidi ya nusu, kwa hiyo inakataa kuwasha VM yoyote wakati ndo hasa unaihitaji. Inafanya hivyo kwa makusudi, isije VM moja ikawashwa sehemu mbili kwa wakati mmoja zikaharibu data. Dawa yake ni QDevice, programu ndogo tu ya kupiga kura ya tatu, inakaa kwenye mashine yoyote ya Debian, hata Raspberry Pi. Iweke kwenye UPS yake na swichi ileile ya seva. Wapo watakaokuambia uiweke kwenye mashine ya bekapu, inakubali, ila mimi mashine ya bekapu huwa napenda ibaki peke yake, na sababu inakuja sasa hivi.

Bekapu. Snapshoti, ile alama ya hali ya VM ya wakati fulani unayoweza kuirudia, sio bekapu, na kunakili kila dakika 5 pia sio bekapu, maana mtu akifuta jedwali la wagonjwa saa nne asubuhi, saa nne na dakika tano limefutika na upande wa pili. Proxmox Backup Server nayo ni programu huria, ilitoka 2020, inakata data vipande na kipande kinachojirudia inakihifadhi mara moja tu, kwa hiyo unaweza kukaa na bekapu za kila siku za mwezi mzima bila kujaza diski, na inajua vipande vilivyobadilika tangu jana ndo maana bekapu ya usiku inakuwa fupi. Unaweza kufungua bekapu ukatoa faili moja tu. Kompyuta ya ofisi yenye RAM 16GB na diski mbili za 8TB kwenye mirror inatosha kuanzia. Ikae jengo lingine kama kebo inafika, nywila yake isifanane kabisa na ya seva, isiingizwe kwenye domeni ya Windows, na ile akaunti ambayo seva zinatumia kutuma bekapu uipe ruhusa ya kuandika tu isiweze kufuta. Mhalifu akishaingia kwenye mtandao kitu cha kwanza anatafuta ni bekapu, na akikuta nywila ni moja amemaliza kazi.

Nakala ya tatu weka kwenye diski ya kuchomoa, Proxmox Backup Server toleo la 3.3 na kuendelea linajua kushughulika nazo vizuri, zungusha mbili, moja iko kwenye kasiki la mhasibu moja iko kwenye mashine. Washa usimbaji kabla bekapu haijaondoka kwenye seva, halafu ufunguo wake uchapishe kwenye karatasi uufungie, ukipotea hakuna wa kukusaidia. Kama mtafikiria kuzipeleka nje ya nchi kwa intaneti, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje, na za afya ni nyeti, kaeni na mwanasheria kwanza.

Na kila mwezi, chagua VM moja uirudishe kutoka kwenye bekapu, uiwashe kwenye mtandao uliotengwa usiogusa mwingine, umwite mwenye mfumo, mhasibu au mtu wa maabara, aangalie kama data ya jana yake ipo. Sio wewe uangalie kama imewaka, yeye aangalie kama iko sawa. Andikeni tarehe na saini. Hapa sibembelezi, hospitali isiyofanya hivi haina bekapu, ina matumaini.

Umeme. Weka programu ya NUT inayofuatilia UPS, unganisha kebo ya USB ya UPS na seva, ipange kwamba umeme ukikatika na jenereta isiposhika ndani ya dakika kadhaa, VM zizimwe kwa utaratibu, uhasibu na mfumo wa hospitali kwanza, domeni kontrola mwisho, halafu seva yenyewe. Kwenye kuwaka iwe kinyume chake. Proxmox ina sehemu ya kupanga hiyo foleni kwenye mipangilio ya kila VM, watu wengi hawaigusi, halafu umeme ukirudi saa tisa usiku nusu ya mifumo inawaka kabla ya ile inayoitegemea na asubuhi simu haziishi.

Kuhamisha kwenyewe sasa. Proxmox tangu 8.2 ina chombo cha kuingiza VM moja kwa moja kutoka ESXi, unaiongeza ESXi kama storeji, VM zinaonekana, unachagua. Kabla ya hapo futa snapshoti zote za zamani, na kwenye Windows ondoa VMware Tools ukiwa bado uko VMware, ukishahama inagoma kutoka. Andika anwani za IP za kila VM, maana kadi ya mtandao itakuwa mpya na Windows itasahau. Kama VM ilikuwa inawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwashia kompyuta), Proxmox nayo uiambie iwe OVMF, kama ni BIOS ya zamani iache SeaBIOS.

Windows ndo yenye tabia. Haina driva za virtio, zile za diski na mtandao za KVM, ukiiweka diski kwenye virtio moja kwa moja inakupa skrini ya bluu. Iwashe kwanza diski ikiwa SATA, bandika ISO ya virtio-win, ongeza kidiski kidogo cha 1GB cha aina ya virtio SCSI ili Windows ilazimike kuweka driva, zima, igeuze na diski kuu iwe virtio SCSI, washa. Weka na QEMU guest agent, ndo inayoiambia SQL Server itulie sekunde chache bekapu ikichukuliwa. Domeni kontrola kamwe usiwashe nakala mbili kwa wakati mmoja, ya VMware ikiwa hai na ya Proxmox nayo hai, utaharibu akaunti za watu wote. Leseni za Windows Server zenyewe haziathiriki na Proxmox, bado mnadaiwa zilezile kwa hesabu ya kore, ila inaweza kuomba uiamilishe upya kwa sababu inaona chuma kipya.

Mpangilio ningeufanya hivi: kwanza mashine ya bekapu isimame, halafu VM zote zisogezwe kwenye seva moja ya VMware wikiendi moja, seva iliyobaki tupu ichomolewe diski za zamani, iwekewe mpya, kadi igeuzwe HBA, Proxmox iingie. Hamisha kitu kidogo kisicho na maumivu kwanza, mimi ningeanza na seva ya printa au ya antivairasi, ikae wiki. Halafu maabara, halafu uhasibu ila sio mwisho wa mwezi, mfumo wa hospitali usiku wa Jumamosi ukiwa na fomu za karatasi tayari mapokezi, na picha za eksirei mwisho kwa sababu ya ukubwa. Kila VM ikishatulia ichukuliwe bekapu siku hiyohiyo. Seva ya pili usiiguse mpaka zote 11 zimekaa Proxmox na zimerudishwa angalau mara moja kwenye majaribio. Diski za zamani ziandike namba za nafasi zake na uziweke kabatini bila kuzifuta, mambo yakienda kombo unairudisha kadi kwenye hali ya RAID, unazirudisha diski kwenye nafasi zilezile, na H730 inaweza kuusoma ule mpangilio wa RAID kutoka kwenye diski zenyewe.

Kitu kimoja nahitaji kabla hujapeleka maombi ya ununuzi. R730 zipo zenye nafasi za diski za inchi 3.5 na zipo za inchi 2.5, na hilo linabadilisha kabisa diski za kununua kwa ajili ya picha. Ingia iDRAC, ule ukurasa wa Dell wa kusimamia seva kutoka mbali, niandikie aina ya nafasi na ziko ngapi tupu, modeli kamili ya kadi ya RAID, na kama kuna kadi ya 10Gb tayari ndani, nyingine zilikuja nayo na hakuna aliyewahi kuichomeka kebo.